Kidevu Kifuani

Talca, Septemba, wiki ya bendera,
anga limejaa tiara na moshi wa nyama.
Uzi wao huupaka gundi na kioo kilichosagwa,
na ukishakauka juani husema: umetibiwa.
Ndivyo lugha yao isemavyo, na ni yangu pia.

Millaray, miaka minane, kilo ishirini na nne,
aliifuata kwa baiskeli tiara iliyokatika,
akitazama juu, kama wote wanaofuata kitu hewani.
Uzi mwingine ulilala kutoka nguzo ya umeme hadi getini.
Hakuuona. Nani huuona uzi?

Walipomfikisha alikuwa ameketi, ameinama mbele,
mama yake, Ercilia, amemshika paji la uso,
na kila alipopumua shingo ilitoa povu jekundu
na mlio mdogo wa chupa ya soda inayofunguliwa.
Niligusa kifua. Ngozi ilitatarika
kama karatasi ya peremende.
Hewa ilikuwa imepotea njia, inatafuta pa kukaa.

Kazi yangu ni kulaza watu na kuwaamsha.
Baina ya hayo mawili sina sifa nyingi.
Siku ile nilijua kwamba dawa iliyo mkononi mwangu,
ile ya kulegeza misuli, ingemuua kwa upole.
Nikaiweka chini. Nikamwacha avute mwenyewe,
vuta, mama, vuta tena,
huku Daktari Iturriaga, asiyeharakisha hata nyumba ikiungua,
akitia kidole ndani ya jeraha
kutafuta kipande cha chini cha koo la pumzi
kilichokatika na kuzama kifuani
kama ndoo iliyoponyoka kisimani.

"Ninacho," alisema.
Mrija ukapita katikati ya jeraha lenyewe.
Kifua kikapanda.
Nolberto akaanza kuhesabu sindano kwa sauti,
ingawa hakuna aliyemwomba.

Koo la pumzi la mtoto wa umri ule
ni pana kama kidole chake cha mwisho.
Uzi wa Iturriaga ulikuwa mwembamba kuliko ule wa mtaani,
uzi wa kuyeyuka, usiobaki kudai shukrani.
Mafundo yote nje,
maana fundo la ndani huota nyama, na nyama hufunga mlango.
Umio ulikuwa mzima. Neva ya kulia, nzima.
Ya kushoto hatukuiona, wala hatukuulizana.

Kisha lile jambo ambalo wazazi hawasamehe upesi:
tulimshona kidevu na kifua,
mishono miwili minene, ya buluu,
asije akainua kichwa, kazi yote ikaachana.
Siku saba mtoto alitazama magoti yake.
Alimjua kila mtu wodini kwa viatu.
Mimi nilikuwa Kandambili za Kijani.
Nje watoto wakipiga kelele, tiara nyingine imekatika,
macho yake yalipanda hadi kwenye nyusi, yakakomea hapo.

Siku ya nne alikuja Baltasar wa jirani,
miaka kumi na mitano. Hakuvuka geti.
Vidole vyake viwili vilikuwa na plasta,
ile wanayojifunga ili uzi wao usiwakate wao.
Niliitazama plasta, naye akaona ninachokitazama.
Akanipa kopo la maziwa lililozungushiwa uzi.
Lingali kwenye droo yangu. Sijui la kulifanya.

Siku ya nane Iturriaga alikata mishono ya buluu.
Polepole, kama mlango wenye bawaba kavu,
uso uliinuka.
Hatukujua kama nyuzi za sauti zingekutana.
Nikamwambia, sema chochote, jina lako, jina la paka wako.
Alimeza mate. Alitazama dari, kisha dirisha,
na kwa sauti ya mzee aliyeamshwa usiku,
nusu mkwaruzo, nusu upepo mtupu, akauliza:
"Nani aliipata?"